Swali Lenye Nyota

Kila neno utakalosoma hapa ni kweli. Naapa kwa mguu wangu wa kulia, ule wenye nguvu: ukauke kama kuni ikiwa nimeongeza hata chumvi. Katika hoteli ya Kultum, hapa Migori mjini, sisi wazee wa meza ya dirishani tuna sheria yetu. Ukikamatwa na uongo ndani ya hadithi, unalipia chai ya wote walioisikia, na maandazi juu. Mimi nimelipa mara chache sana, na katika hizo chache nilionewa. Kwa hivyo soma bila wasiwasi.

Naitwa Mogire. Kabla ya kustaafu nilikuwa mpanga madaraja ya tumbaku kule Kehancha. Jani linaletwa, nalitazama, nalinusa, nasema wewe la kwanza, wewe la tatu, wewe rudi nyumbani. Niliwahi kupima jani ambalo mvua iliponyesha watu walifanyia harusi chini yake, na bado nikaliweka daraja la pili, lilikuwa na doa. Shule sikukaa sana. Nimesoma magazeti ya kufungia nyama, na mtu anayesoma gazeti la nyama pande zote mbili kwa miaka mingi hawezi kubaki mjinga. Nasema haya ili ujue kwamba mambo ya nani amepita na nani ameanguka yalikuwa kazi yangu, na ndiyo maana habari ya Gesare ilinikaa kichwani kama mbegu ya pera kwenye jino.

Gesare ni binti wa Simeon Nyamongo, fundi wa sare za shule, Msabato asiyesema uongo hata kwa mteja anayeuliza kama nguo itakuwa tayari kesho. Fundi wa namna hiyo yuko mmoja Kenya nzima. Chumba changu na nyumba yake vimetenganishwa na bati moja, basi ukitaka kuniuliza nilijuaje waliyosema, uliza bati. Namsikia mkewe, Nyakerario, akiomba. Namsikia Simeon akiamka usiku kwenda kukagua duka lake: komeo linalia, baada ya muda linalia tena. Mwenye mali halali.

Dukani, juu ya cherehani, Simeon alikuwa ametundika koti jeupe. Alilishona siku Gesare alipochukuliwa na chuo kimoja cha matabibu huko Homa Bay, akalipiga pasi, akalitengea msumari wake peke yake. Mteja akiuliza bei, Simeon alijibu, "Hilo lina mwenyewe." Akingoja aulizwe ni nani.

*

Gesare alirudi nyumbani Ijumaa moja mchana, mamake akiwa anakimbizana na jua ili mapishi yaishe kabla ya Sabato kuingia. Aliweka begi mlangoni, hakulivusha kizingiti.

"Umepita?" Simeon akauliza.

"Nimepita vyumba vyote, tata. Kimebaki kimoja. Nimepewa sapu."

Tata kwetu ni baba, na sapu ni mtihani wa kurudia. Ukiuanguka huo, unarudia mwaka mzima, na kanisa lililomsaidia karo lilikuwa limekwisha kusema kwamba msaada wake hauna mwaka wa kurudia. Yaani Gesare akianguka tena, begi lile lingebaki hapo mlangoni.

"Chumba gani?"

"Cha mgonjwa mzee."

"Alikufa?"

"Hapana, tata. Alikuwa anaigiza."

"Anaigiza kufa?"

"Anaigiza ugonjwa. Wanalipwa. Unaingia, unamuuliza maswali, mwalimu ameketi pembeni anatia alama, kengele ikilia unatoka unaingia chumba kingine."

"Sasa wewe ulikosea wapi? Ulimdunga vibaya?"

"Hakukuwa na sindano."

"Alikuwa mgonjwa wa nini?"

Mimi upande wangu wa bati nilikuwa nimeacha kutafuna.

"Simeon," Nyakerario akasema, akifunika sufuria kwa kishindo, "jua linazama. Maji yako ya kuoga yako tayari."

Nikajua papo hapo. Kwetu Wagusii kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni aibu, lakini si aibu ya mwizi. Ni ua. Upande mmoja wako wazazi na rika lao lote, upande wa pili wako watoto, na mambo ya mwili yaliyo chini ya mshipi hayavuki ua huo. Baba hayasikii kinywani mwa binti, binti hayasikii kinywani mwa baba. Kwa hivyo Gesare alikuwa ameanguka somo ambalo hangeweza hata kumtajia babake kwamba ameanguka.

Wikendi nzima Simeon alizunguka swali lile. Kwenye ibada ya nyumbani aliombea "mkono wa mtoto uache kutetemeka." Akaombea "macho yake." Gesare akaitikia amina kwa kila kiungo kisicho na hatia. Jumapili asubuhi mzee akagonga bati.

"Mogire, uko?"

"Sijahama."

"Nisindikize Homa Bay kesho. Wewe una mdomo."

*

Simeon alibeba mkungu wa ndizi. Mlinzi wa langoni aliuzunguka kama ni mtu, akauliza ni wa nani, akasema wageni wanaruhusiwa, ndizi hazijaandikwa popote. Baada ya kubishana tukaruhusiwa kuingia nao, tukaelekezwa ofisi ya Madam Beverlyne, mkuu wa mitihani ya vitendo. Mama mnene wa makamo, Mjaluo, mtaratibu, miwani juu ya nywele. Aliitazama ndizi kabla ya kututazama sisi.

"Wazee, karibuni. Hiyo ndizi irudi nyumbani. Nikiila, hata Gesare akipita kwa haki yake watu watasema iliyopita ni ndizi."

Simeon akaisukuma chini ya kiti kwa kisigino.

"Madam," akasema, "nimekuja kuomba tu kujua. Mtoto haongei. Alikosea nini?"

Madam Beverlyne si wa kwetu. Ua wetu hakuuona.

"Aliacha kumuuliza mgonjwa habari ya mkojo," akasema. "Mlangoni tulikuwa tumemwandikia kwamba ni mzee, anasumbuliwa na mkojo. Aliingia akauliza juu ya chakula, kikohozi, usingizi, magoti, akauliza mpaka habari ya shamba. Mkojo, hapana. Na ya kitandani na mkewe, hapana."

Simeon aligeukia dirisha. Nje kulikuwa na kilima na mbuzi watatu, na sijaona mtu akiwachunguza mbuzi kwa makini namna ile.

"Mmemwambia mtoto aulize hayo?" akawaambia mbuzi.

"Tumemwambia. Ni lengo la somo: atamhoji mgonjwa bila kuacha swali kwa sababu ya umri wake au kwa sababu ni mwanamume. Alipewa siku ya kwanza, alilisoma mbele ya darasa kwa sauti."

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Madam, mimi nilikuwa mpanga madaraja ya tumbaku. Mkulima kwetu hakujua jani zuri ni lipi mpaka anione uso. Nyinyi mnamwambia mtu kabla?"

"Kabla. Kumtega mtu si kumpima."

"Na nani alisema mwisho wa kupita ni hapa, usiwe pale?"

Nadhani alikuwa hajawahi kuulizwa hilo na mtu wa ndizi. Aliteremsha miwani.

"Tulikaa walimu kadhaa. Tukamfikiria mwanafunzi mmoja. Si yule bora, yule hatumsumbukii. Tunamfikiria wa mwisho kabisa ambaye bado tunaweza kumwachia mlango. Kila swali tunajiuliza: huyu angelifanya?"

"Ana jina?"

"Hana."

"Anakaa wapi?"

Akacheka kidogo. "Mzee, wewe ungefaa kamati. Mimi humweka mbali. Mweke zahanati, tuseme Ogwedhi, siku ya mnada wa ng'ombe. Yuko peke yake, foleni mpaka barabarani, na daktari mkubwa hayuko karibu. Mzee mmoja ameuza fahali wake, akapitia hapo kwa sababu ameona mlango uko wazi. Hatarudi tena kama si leo. Anasema mgongo unauma. Huyu mwanafunzi wangu ataliuliza lile lingine? Kama hataliuliza, nimemwachia mlango wa nini?"

"Na wote mlikubaliana?"

"Tulibishana. Mmoja alisema swali hilo tulipatie alama chache, likiachwa liachwe. Tukaishia kulitia nyota. Swali lenye nyota, ukiliacha, hata ukipata mengine yote umeanguka."

Simeon aliwaacha mbuzi. "Madam, na kama mtu amelelewa vizuri?"

Madam alishusha sauti.

"Aliyelelewa vizuri ndiye ninayemtaka, baba Gesare. Nikilegeza nyota hii nitakuwa nimemwonea binti yako huruma, na bili ataletewa mzee wa watu. Lengo linasema aulize. Halikusema aulize kwa mdomo gani. Hiyo atafute."

Tulirudi na ndizi yetu. Tulipofika mlangoni kwake Simeon akasema neno moja tu: "Wale mbuzi walikuwa wamekonda."

*

Siku iliyofuata Nyakerario alinijia, leso kichwani, mikono nyuma. Yeye ni rika langu, ua kati yetu ni mfupi.

"Shemeji, mtoto anataka mzee wa kumfanyia mazoezi."

"Si ana babake?"

"Mogire."

"Nimeelewa. Mnatafuta mtu wa kudanganya."

"Mtu wa kuigiza."

"Nyakerario, miaka yote hii nadanganya bila kibali. Leo naitwa?"

Tukafanyia dukani, baada ya wateja kupungua. Nyuma kuna pazia ambapo watoto hujaribu sare. Mimi na Gesare tukakaa ndani ya pazia, Nyakerario akakaa mlangoni akichambua maharagwe, sufuria na kijiko kando yake badala ya kengele. Simeon alikuwa nje ya pazia kwenye cherehani, ametupa mgongo. Alisema yeye ana kazi, hasikii chochote.

"Tuweke sheria," nikamwambia Gesare. "Mimi nitakudanganya kuanzia unyayo. Ukinikamata nikisema kweli hata mara moja, nitatii agizo lako kama mgonjwa wa hospitali."

"Sawa, tata."

"Anza."

"Tata, habari ya leo. Ni nini kimekuleta?"

"Mkojo, mwanangu. Ulianza nilipokanyaga kiboko pale mto Kuja, nikidhani ni jiwe. Kiboko akaapa. Tangu siku hiyo mkojo wangu ni mkali, umekausha mkaratusi wa chifu, chifu akanishtaki."

"Pole, tata. Na... chakula kinapita?"

"Kinapita."

"Na kikohozi?"

Cherehani ilikuwa ikienda mwendo wa kawaida. Kila Gesare alipokaribia ua, Simeon alikanyaga kwa nguvu zaidi, ikavuma kama mashine ya kusaga mahindi. Gesare alisikia babake akikimbia, naye akakimbia.

"Na... magoti, tata?"

Kijiko kikagonga sufuria. Muda umeisha.

Tulikwenda hivyo siku kadhaa. Nilimpa ugonjwa wa kila namna. Aliniuliza vizuri, sauti ya upole, macho usoni kwangu, jambo ambalo hata daktari wangu wa meno hafanyi. Ila kwenye nyota aliruka kama mtu anayeruka mfereji. Jioni moja akaegemea ukuta.

"Tata Mogire, maneno yapo. Ninayo mdomoni. Nikikutazama tu, namwona baba."

"Nitazame kama ng'ombe."

"Ng'ombe hamuiti mtoto wake mwanangu."

*

Kesho yake aliingia mteja, mama Kerosi wa kanisani kwao, na kibinti chake cha kupimwa sare. Habari ya sapu alikuwa nayo, maana kanisani habari haina Sabato. Simeon akipima mabega ya mtoto, mama Kerosi alinyoosha mkono akashika upindo wa koti jeupe.

"Fundi, hili sasa utaliuza? Mtoto wa dada yangu ameingia chuo mwezi huu. Mwili ni kama wa Gesare. Afadhali lisaidie mtu kuliko kushika vumbi."

Gesare alikuwa hapo hapo, akishika pini.

Simeon aliandika kipimo kwanza. "Halijaisha," akasema. "Bado vifungo."

Koti lilikuwa na vifungo vyote. Mama Kerosi aliviona, na sisi tuliviona. Alitabasamu vile watu wa kanisani hutabasamu, akamgeukia mtoto. "Haya, tunaenda. Muage sokoro."

Sokoro kwetu ni babu. Mtoto akanipa mkono, mimi.

"Sokoro wa nani?" nikamuuliza mamake. "Mimi ni rika la huyu fundi. Nina nywele nyeusi, zimejificha tu."

Kibinti kikavuta kidole changu kikaniuliza kwa nini masikio yangu yana nywele na kichwa hakina. Na mimi, bila kufikiri, nikamjibu kwamba zilihama zikitafuta kivuli. Kikacheka. Mamake akacheka. Gesare alicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu arudi, kisha kicheko kikamkatikia njiani akabaki ananitazama kama aliyeona sarafu mchangani.

Walipoondoka, Simeon alichukua mkasi, akaliteremsha koti kwenye msumari, akakata vifungo kimoja kimoja, akavitia mfukoni. Hivyo alichosema kikawa kweli. Akalirudisha koti likiwa wazi kifuani.

Jioni tukaingia pazia. Gesare alivuta kiti akakileta karibu kuliko siku zote.

"Sokoro," akasema.

"Hata wewe?"

"Sokoro, mbona unaingia umekaza miguu kama mbuzi aliyenyeshewa?"

Hapo nieleze. Kati ya babu na mjukuu hakuna ua. Mjukuu wa kike humwita babu yake mume wangu, humcheka meno, humuuliza anachotaka, na babu hujibu na wote hucheka. Ua uko kati ya rika na rika linalofuatana. Ukiruka moja, njia ni wazi. Binti yule alikuwa amenizeesha kwa neno moja, akapita. Niliudhika, nitasema kweli. Lakini nilitaka kuona anafika wapi.

"Nimekaza kwa sababu ya kiboko," nikasema.

"Mwache kiboko apumzike. Sokoro, mvua haijanyesha lakini usiku nasikia maji. Unaamka mara ngapi?"

Cherehani ilivuma.

"Naamka mpaka jogoo wananijua kwa jina."

Akacheka, nami nikacheka. "Na ukifika huko nje, mto unakuja wenyewe, au unaubembeleza?"

"Naubembeleza."

"Unaubembelezaje?"

"Nasimama. Nangoja. Unatoka kidogo, unakatika. Nafunga, nageuka, unataka tena."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Umeona damu?"

"Hapana."

"Na kama mume nyumbani, sokoro, mambo yako vipi?"

"Mimi ni mgane, mjukuu. Nyumbani nina redio, na yenyewe haishiki stesheni."

Hakucheka. Ndipo nikasikia kwamba cherehani imenyamaza. Sijui ilinyamaza lini.

"Tata Mogire," akasema, na ua ukarudi mahali pake, "hilo halikuwa mchezo."

"Ni mchezo. Nimekwambia nadanganya kuanzia unyayo."

"Uongo wako ni mkubwa siku zote. Una kiboko, una chifu, una harusi chini ya jani. Hili lilikuwa dogo. Halina hata mnyama mmoja ndani yake."

Nilitafuta mnyama wa kutia. Hakuja.

"Mwanamume wa umri huu akiwa na hayo," Gesare akasema, "aende apimwe tezi dume. Mara nyingi si saratani, tezi imekua tu, na dawa iko. Lakini kitandani kwake hawezi kujua ni ipi."

"Punguza sauti. Mimi si kiziwi."

Akaongeza sauti. "Nimesema aende. Kliniki ya wanaume iko hospitalini kila Jumanne. Kuna watu wanampenda."

Nyakerario hakugonga sufuria. Alikuwa ameshika kijiko hewani.

*

Sapu aliifanya baada ya majuma machache. Tulikaa siku nzima tukijifanya tuna kazi. Simeon alishona mfuko mmoja mara mbili kwenye kaptura ile ile. Gesare alipopiga simu, alimpigia mamake, na bati likanipa kila neno.

"Mama, leo alikuwa Mjaluo, mvi tupu. Niliingia nikamsalimia, nikamwambia naomba kwa leo niwe mjukuu wake. Madam Beverlyne aliinua macho. Nikauliza yote."

"Na lile?"

"Lile ndilo nililoanza nalo."

Amepita. Na Madam Beverlyne, alipomaliza kutia alama, alimwita pembeni akamuuliza ule mdomo ameupata wapi, maana anataka kuwaonyesha wanaokuja nyuma. Kiwango kilibaki pale pale. Nyota haikutoka.

Simeon alitia mkono mfukoni akatoa vifungo, akakaa kitako mlangoni pa duka, mahali kila anayetoka kanisani hupitia, akavishona kwa mkono, kimoja kimoja.

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi, Jumanne iliyofuata nilikwenda hospitalini nikapimwa. Daktari alisema hajawahi kuona tezi nzuri kama ile. Aliita wenzake waje waitazame, wakapiga picha, na nasikia imetundikwa Nairobi.

*

Hapo ndipo huwa naimalizia. Juzi Jumatatu niliimaliza hivyo hivyo kwa Kultum, na meza ya dirishani ikapiga makofi. Abdi muuza magodoro, mwenzetu wa meza, alikuwa akifuta machozi. Sikuwa nimeona kwamba Simeon yuko. Yeye, kama Wasabato wengi, hanywi chai, kwa hivyo hoteli hiyo huingia kwa nadra. Alikuwa ameleta sare za watoto wa Kultum, akapewa maji moto na tangawizi, akakaa nyuma ya nguzo.

"Mogire," akasema. "Jumanne hiyo sikukuona."

"Wapi?"

"Hospitalini."

"Kulikuwa na watu wengi. Utanionaje?"

"Nilikuwa kwenye benchi tangu asubuhi. Wanaita kwa jina. Jina lako halikuitwa."

Abdi akamgeukia. "Benchi gani, fundi?"

Simeon alizungusha kikombe chake. Angeweza kusema alimpeleka mtu. Angeweza kusema lolote, hoteli nzima ingempa. Lakini mnamjua.

"La kliniki ya wanaume," akasema. "Nilianza siku hiyo. Wamenipa dawa, nalala. Na Jumanne zilizofuata pia, Mogire, sikukuona."

Mimi nilikuwa nasikia komeo. Miaka miwili nimelisikia likilia usiku upande wa pili wa bati, nikasema mwenye mali halali, na binti alipokuwa likizoni alilala chini ya paa lile lile, akalisikia, akajua ni la nini, na hakuwa na njia ya kumuuliza. Ndipo nikaelewa kwa nini nilipomwambia mimi si kiziwi aliongeza sauti. Pale penye pazia alikuwa anawahoji wazee wawili.

"Kultum," Abdi akaita, "njoo. Amekamatwa."

Kultum alikuja na kitambaa begani, akatazama meza. "Vikombe vyote hivi?"

"Na maandazi."

"Huyu amekunywa maji moto," nikasema. "Sheria ni chai."

"Sheria ni kusikia," Kultum akasema. "Amesikia kuliko wote."

Nikalipa. Nilikuwa natafuta chenji sakafuni ili nisimtazame mtu, Simeon akasimama juu yangu.

"Kesho ni Jumanne," akasema. "Nitagonga bati."

Aligonga jua likichomoza. Tulikaa kwenye lile benchi lake, akanionyesha mahali ambapo ubao hauchomi. Jina langu likaitwa. Tabibu alikuwa msichana, mpya, koti bado lina mikunjo ya dukani. Mjaluo, nilimjua kwa jina lililoandikwa kifuani. Akanisalimia kwa heshima zote, akaniuliza nimekuja na nini. Nikasema mgongo.

"Pole, mzee. Chakula kinapita?"

"Kinapita."

"Na kikohozi? Na... shamba, mzee, mmelima?"

Kupitia mlango ulioachwa wazi nilimwona Simeon kwenye benchi. Alikuwa ametazama dirisha. Hapakuwa na mbuzi.

"Binti," nikamwambia, "mimi si babako. Niite kwara."

Kwara kwao ni babu. Mimi, ambaye nywele zangu zimejificha tu. Akainua uso, na mabega yake yakashuka.

"Kwara," akasema, "sasa niambie. Usiku unaamka?"

"Ilikuwa hivi," nikasema. "Nilikuwa navuka mto Kuja, nikaona kitu kama jiwe..."

Nje, Simeon akakohoa.

Nikaanza upya.